Mwizi wa Makoti: Tinde na Vita ya Damu

Kijana wa Shinyanga akiulizwa historia ya kwao atakutajia almasi za Mwadui, pamba na ng'ombe. Wa Geita atakutajia dhahabu. Sisi wa Kolandoto tutakutajia hospitali, ile iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, inayojulikana hata na watu ambao Kolandoto yenyewe hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Tinde haitajwi na mtu. Tinde ni njia panda tu: huku Nzega, kule Kahama, nyuma Shinyanga mjini. Gari linasimama, abiria wananunua vya kununua, utingo anapiga bodi, safari inaendelea.

Lakini, ndugu msomaji, kuna watu waliosoma elimu ya vimelea huko London, Brussels na Nairobi ambao wakisikia neno Tinde hawafikirii stendi. Wanafikiria jaribio. Lilianza mwaka 1934, likaendelea mwaka hadi mwaka hata vita kuu ya pili ikaja ikapita, na mpaka leo vitabuni linaitwa kwa jina la kijiji chetu. Swali lake ni swali ambalo kila mmoja wetu anatembea nalo mwilini: damu ya binadamu inamtambuaje adui, na adui akibadili sura, inakuwaje?

Nimeona niliandike jambo hili kwa lugha ya kwetu, maana limeandikwa miaka mingi kwa lugha za wengine. Ila kabla hatujafika Tinde, inabidi kwanza tujue vita yenyewe inapiganwaje.

SUNGUSUNGU WA MWILINI

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, wanakijiji wa Kahama, Nzega na Shinyanga walianzisha Sungusungu. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa mwano ni nini. Yowe likipigwa, anayelisikia hulipokeza kwa wa mbele, na wanaume wanatoka na pinde zao, wengine wanakimbilia kwenye unyayo, wengine wanaziba njia za kutorokea. Mwizi akishajulikana sura, hata akirudi baada ya miaka mitatu, hafiki mbali.

Kinga ya mwili ni hivyo hivyo. Kwanza kuna boma lenyewe: ngozi, mate, machozi, makamasi, tindikali ya tumboni. Vijidudu vingi vinaishia hapo na wewe wala hujui kama ulishambuliwa.

Kikipatikana kijidudu kilichopenya, labda kwa mwiba au kwa kuumwa na mdudu, kinakutana na walinzi wa zamu. Hizi ni chembe nyeupe za damu, nazo kazi yao ni kumeza. Aliyeziona zikifanya kazi ni Mrusi mmoja, Elie Metchnikoff, akiwa Messina, Italia, mwaka 1882. Alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wake unaonekana ndani kama kioo, akavichoma kwa vijiti vya miiba. Kesho yake akakuta chembe zimeuzunguka mwiba kama siafu. Kazi hiyo ilikuja kumpa tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Walinzi hawa wakishaanza kupigana wanapiga mwano. Wanamwaga kemikali kwenye damu, mishipa inalegea ili wenzao wapite, mahali pale panavimba, panauma, panapata moto. Homa tunayoilalamikia mara nyingi sio ya kijidudu peke yake, ni kelele za askari wetu wenyewe.

Halafu wanakuja mabingwa. Kwenye tezi zetu, zile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mitoki, kuna aina nyingine za chembe nyeupe, na kila moja imezaliwa na uwezo wa kutambua umbo moja tu la adui. Zipo kwa mamilioni. Yule ambaye umbo lake limelingana na mgeni aliyeingia anazaana haraka haraka, na wengine katika ukoo huo wanatengeneza kingamwili, yaani protini ndogo zenye umbo la herufi Y, zinazomng'ang'ania adui mpaka anashindwa kusogea au anamezwa. Kazi hii inachukua siku kadhaa. Ndiyo maana surua humlaza mtoto kwanza, ndipo anapona.

Na akishapona, wengi wa askari wale wanakufa, lakini wachache wanabaki, wazee wa kumbukumbu. Hao wanaishi miaka, wengine maisha yote. Surua ikirudi, haikuti mwili unaojifunza, inakuta mwili unaokumbuka. Hii ndiyo siri kubwa ya kinga yetu. Nguvu za misuli hazihusiki sana hapa. Jamaa anaweza kuwa amejengeka kama mnara na akaangushwa na kirusi ambacho kibibi kilichokonda kinapishana nacho kila siku, kwa sababu bibi anakijua na jamaa hakijui.

Sisi tunaotaka kuwa waandishi tulitazame hapa neno letu wenyewe. Chanjo. Limetoka kwenye kuchanja, kukata ngozi chale, jambo ambalo lilikuwapo kabla ya sindano. Mahali pengi Afrika, na Asia pia, watu walikuwa wakichanja ngozi na kutia usaha wa mgonjwa wa ndui asiyezidiwa, ili mzima augue kidogo asije akaugua sana. Ilikuwa hatari, wengine walikufa, lakini wazo lilikuwa sahihi: mpe mwili picha ya mwizi kabla mwizi hajaja. Mwaka 1796 Mwingereza Edward Jenner alitumia ndui ya ng'ombe badala ya ndui ya watu, ikawa salama zaidi. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Akapona. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Ndui ilishindwa kwa sababu haibadili sura. Sasa mfikirie mwizi anayebadili.

MAKOTI ELFU MOJA

Mwaka 1910, huko Liverpool, madaktari Ronald Ross na David Thomson walikuwa na mgonjwa mmoja aliyeambukizwa malale kwenye bonde la Luangwa, ambalo leo liko Zambia. Walifanya jambo ambalo ni rahisi kulisema na gumu kulifanya. Kila siku walimtoa tone la damu wakahesabu vimelea vilivyomo, mmoja mmoja, chini ya darubini. Wakaandika. Walipoziunganisha hesabu zao kwenye karatasi ikatokea picha kama mawimbi ya ziwa. Vimelea vinapanda, vinapanda, halafu ghafla vinaanguka karibu vyote. Baada ya siku chache vinapanda tena. Kila wimbi lilichukua kama wiki moja.

Nini kinaviangusha? Kinga. Mwili unapiga mwano, unatengeneza kingamwili, unaua. Basi kwa nini vinarudi?

Kimelea cha malale kinaitwa trypanosoma, kinaogelea kwenye damu kama kisamaki chembamba. Kinaletwa na mbung'o. Mwaka 1969 Mwingereza Keith Vickerman alionyesha kwa darubini ya elektroni kwamba mwili wake wote umevikwa koti zito, na katikati ya miaka ya 1970 George Cross akafaulu kulitenganisha koti hilo na kulichunguza. Limeshonwa kwa protini moja iliyorudiwa kama mara milioni kumi, imebanana kama vijiti vya uzio. Kinga ikitazama inaliona koti tu, na inatengeneza silaha ya kulipiga koti lile. Lakini katika kila kundi la vimelea kuna wachache ambao tayari wamevaa koti jingine. Wenye koti la zamani wanakufa kwa mamilioni, na hao wachache wanabaki, wanazaana, na vita inaanza upya. Urithi wote wa vinasaba vya kimelea hiki ulipochapishwa mwaka 2005, wanasayansi walikuta ghala la makoti zaidi ya 1,000. Mengi yamechanika, hayavaliki, lakini kimelea ni fundi cherehani: kinakata kipande hapa na kipande pale, kinashona jipya.

Fikiria Sungusungu wanaotafuta mwizi mwenye kaniki. Wanamkamata. Kumbe ndugu yake amevaa kanzu, amesimama palepale kwenye kundi, anapiga yowe pamoja nao. Wiki hii kanzu, wiki ijayo koti la polisi. Wanakijiji hawalali. Mwishowe wanachoka, wanaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe.

Na hilo la mwisho sio chumvi ya mwandishi. Kwenye malale, sehemu ya maradhi inaletwa na kinga yenyewe iliyochemka bila kupumzika. Tena mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa panya: panya waliochanjwa kifaduro, walipoambukizwa trypanosoma, walipoteza kinga ile ya kifaduro. Kimelea kiliua wazee wa kumbukumbu. Yaani hakikutosheka kujificha, kiliingia kwenye maktaba kikachoma vitabu.

Kwa sababu ya makoti hayo, mpaka leo hakuna chanjo ya malale. Na vijana wenzangu mtakuwa mmeshamkumbuka mwizi mwingine wa tabia hii. Kirusi cha UKIMWI, ambacho wagonjwa wake wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, nacho hubadili sura kila siku, na kibaya zaidi kinawashambulia makamanda wa kinga wenyewe. Shule aliyoisomesha malale damu yetu, UKIMWI naye ameipita.

SOTOKA, MSITU NA MBUNG'O

Sasa turudi nyumbani. Malale haikuwa gonjwa la siku zote la nchi ya Wasukuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliteketeza watu kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, hasa Busoga. Waliokufa wanakadiriwa kuwa robo milioni. Huku kwetu mlipuko ulitangazwa mwaka 1922, Maswa. Ilikuwa aina kali, ile iitwayo rhodesiense, ambayo bila dawa inaua kwa miezi tu.

Ilitoka wapi? Mtu aliyelitafakari swali hili sana ni John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyewahi kufanya kazi Shinyanga kabla ya vita kuu ya pili, akaandika kitabu kikubwa mwaka 1971. Hoja yake ilikuwa hivi. Zamani watu wa bara hawakumfukuza mbung'o, walimwekea mpaka. Vijiji, mashamba na mifugo vilishika eneo wazi. Msitu, wanyama na mbung'o vilishika upande wao. Katikati palikuwa na kugusana kidogo kidogo, na katika kugusana huko watu na ng'ombe wakajenga uvumilivu. Kama chanjo isiyo na daktari. Halafu mwaka 1890 na 1891 ikapita sotoka. Ng'ombe walikufa, mahali pengine karibu wote. Ikafuata njaa, ndui, vita za Wajerumani, watu wakapungua na kuhama. Shamba lisilolimwa linarudi kuwa kichaka, na malisho yasiyo na ng'ombe yanarudi kuwa pori. Wanyama wa porini waliozaliana upesi wakaja, na nyuma yao mbung'o. Mpaka ukavunjika.

Wasomi wamebishana na Ford kwa mengi, lakini somo lake kubwa limebaki: kinga haikai kwenye damu peke yake. Inakaa pia kwenye jembe, kwenye zizi, kwenye namna watu wanavyoishi na nchi yao.

Serikali ya Waingereza ilimleta Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Mbung'o mmoja wa sehemu zetu, Glossina swynnertoni, alipewa jina lake mwaka 1923. Yeye na watemi wa Shinyanga walikusanya maelfu ya wanaume wakati wa kiangazi, wakakata na kuchoma vichaka maili kwa maili, na mwaka 1925 alichapisha taarifa ya jaribio hilo. Idara ya utafiti wa mbung'o ikaweka makao yake pale tunapopaita Old Shinyanga. Upande wa Kahama, Biharamulo na Buha watu walihamishwa kutoka kwenye nyumba zao za mbalimbali wakakusanywa kwenye makazi ya malale, ili mbung'o akose wa kumuuma. Swynnerton mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt.

Kufyeka msitu kulisaidia, huo ni ukweli. Lakini kulibaki swali ambalo shoka halikuweza kulijibu.

JARIBIO LA TINDE

Swali lilikuwa hili. Kuna trypanosoma wa wanyama, aliyegunduliwa na David Bruce huko Zululand mwaka 1895 kwenye ng'ombe wenye nagana, akaitwa brucei. Huyu binadamu hamdhuru. Na kuna rhodesiense, anayeua binadamu. Ukiwatazama kwa darubini huwezi kuwatofautisha, ni kama mapacha. Je, ni wawili au ni mmoja? Kama rhodesiense akikaa kwa miaka kwenye damu ya wanyama bila kuonja binadamu, atasahau namna ya kutushambulia?

Ukiliwaza utaona ni swali la uhai wa watu. Akiwa anasahau, basi tibu wagonjwa wote na malale itakwisha. Akiwa hasahau, basi kila swala na kila kondoo ni ghala la ugonjwa, na mgonjwa wa mwisho akipona leo, kesho mbung'o ataleta mwingine kutoka porini.

Mwaka 1934 daktari J. F. Corson na wenzake, kwenye maabara ya Tinde, walichukua kimelea kutoka kwa mgonjwa wa malale. Wakawalisha mbung'o. Mbung'o wakawauma kondoo na swala. Mbung'o wengine wakanyonya kutoka kwa kondoo na swala hao, wakauma wengine. Hivyo hivyo, kizazi hadi kizazi, mwaka hadi mwaka. Na kila baada ya muda ilibidi kuuliza damu yenyewe. Namna ya kuuliza ilikuwa moja tu: mbung'o aliyebeba kimelea anawekwa kwenye ngozi ya mtu mzima, anayejua, mtu asubiri.

Taarifa za kitaalamu zinawaita watu hao waliojitolea. Waliougua walitibiwa, kwa kuwa dawa ya suramin, iliyotokana na viwanda vya Wajerumani na kuanza kutumika miaka ya 1920, huponya malale ikiwahiwa kabla haijaingia kwenye ubongo. Lakini ijaribu hiyo akilini mwako. Umeketi, mkono umenyoosha, kikombe chenye mdudu kimefunikwa kwenye ngozi yako, unasikia anavyochoma. Siku zinapita unajigusa shingo, unajipima joto. Ni jaribio la sayansi kwa aliyeshika kalamu. Kwa aliyenyoosha mkono ni maisha yake.

Mwaka 1946 H. Fairbairn na E. Burtt walichapisha taarifa ndefu. Waliona kwamba kuumwa tu hakutoshi: ili malale ishike, mbung'o lazima amwage vimelea mamia kadhaa kwa mara moja. Wachache hawafui dafu, wanamalizwa na walinzi wa zamu. Mwaka 1955 Fairbairn na K. C. Willett walitoa hesabu ya miaka 18, na mwaka 1959 M. T. Ashcroft akaendeleza. Jibu lilikuwa wazi, na lilikuwa baya. Baada ya miaka yote ile kwenye kondoo na swala, kimelea kilikuwa bado kinaweza kumwambukiza binadamu. Hakikusahau.

Mwaka 1958 ushahidi mwingine ulitoka Kenya, mkoa wa Nyanza, ambako watafiti walitoa kimelea kwenye damu ya pongo wa porini, na mtu aliyejitolea akapata malale. Tangu hapo hakuna aliyebisha: pori na zizi ni ghala. Ndiyo maana mpaka leo kupambana na rhodesiense ni kazi ya daktari wa watu na daktari wa mifugo kwa pamoja.

SHATI LILILOGEUZWA NGAO

Lakini kwa nini brucei hatudhuru? Hapa ndipo historia ya damu yetu inapopendeza. Mfaransa Alphonse Laveran aliona tangu mwaka 1902 kwamba ukichukua maji ya damu ya binadamu ukamdunga panya mwenye trypanosoma wa wanyama, vimelea vinakufa. Damu ya ng'ombe haifanyi hivyo. Damu yetu ina silaha ambayo haikusubiri kufundishwa, tumezaliwa nayo. Bila hiyo, kila mbung'o mwenye nagana angekuwa muuaji, na sijui kama bara hili lingekuwa na watu kama tunavyolijua.

Jina la silaha hiyo lilikamilika kupatikana miaka mia moja baadaye. Mwaka 2003 watafiti wa Brussels walionyesha kwamba ni protini iitwayo APOL1, inayosafiri kwenye vichembe vya mafuta ndani ya damu. Kimelea kinavila kama chakula. Kikishameza, APOL1 inatoboa matundu ndani yake, maji yanaingia, kinavimba, kinapasuka. Ni mtego ndani ya ugali.

Na rhodesiense? Kundi hilohilo la Brussels lilikuwa limeonyesha mwaka 1998 kwamba yeye ana protini moja ya ziada inayomkinga, nayo huishika APOL1 na kuizuia. Walipochunguza protini hiyo imetoka wapi, wakakuta ni koti. Koti la zamani kati ya yale elfu moja, limekatwa, limefupishwa, limeshonwa upya likawa ngao. Hiyo ndiyo tofauti ya wale mapacha. Hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo kondoo na swala wa Tinde hawakuweza kuifuta kwa miaka 18, kwa kuwa imeandikwa kwenye kinasaba.

Vita haikuishia hapo. Mwaka 2010 iligundulika kwamba baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Afrika Magharibi, wana APOL1 ya sura nyingine, na kwenye maabara damu yao inamuua hata rhodesiense. Sisi nasi tumebadili silaha. Lakini aliyerithi sura hizo kutoka kwa baba na mama pia yuko kwenye hatari zaidi ya figo kuharibika, jambo linaloeleza sehemu ya maradhi ya figo kwa Wamarekani weusi. Hakuna ngao ya bure. Babu alinusurika na mbung'o, mjukuu wake Chicago anaunganishwa na mashine ya figo.

DENI

Leo malale imerudi nyuma. Kuanzia 2018 hadi 2023, wagonjwa walioripotiwa kila mwaka duniani, wa aina zote mbili, walikuwa chini ya 1,000. Zamani ikishaingia kwenye ubongo dawa ya rhodesiense ilikuwa melarsoprol, yenye arseniki ndani yake, dawa iliyoweza kuua yenyewe karibu wagonjwa 5 kwa kila 100. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoruhusu vidonge vya fexinidazole. Mtu anameza, anapona.

Nchi yetu nayo ililipa. Misitu iliyofyekwa kwa ajili ya mbung'o, ikaongezwa na iliyofyekwa kwa pamba na kuni, iliiacha Shinyanga ikiwa na upepo na vumbi, mpaka mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, wa kurudisha miti. Uliofaulu sana haukuwa mche wa kigeni. Ilikuwa ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho ili nyasi na miti vipumzike. Mwaka 2002 mradi ule ulipata tuzo ya kimataifa. Kumbe nchi nayo ilikuwa na kinga yake, ilihitaji tu watu wanaoikumbuka.

Na wale walionyoosha mkono? Majina ya waliohesabu tunayo: Corson, Fairbairn, Burtt, Willett, Ashcroft. Nimeyaandika hapo juu na sina ugomvi nayo, walifanya kazi. Lakini jibu la Tinde halikutoka kwenye kalamu zao peke yake, lilitoka pia kwenye damu za watu wengine. Neno kujitolea ni zito mahali ambapo mtawala ana bunduki, mtemi ana amri, na kodi inadaiwa kwa fedha taslimu. Inawezekana kabisa kijana mmoja alinyoosha mkono kwa ushujaa, mwingine kwa mshahara, mwingine kwa kukosa pa kukataa. Daktari hakuhitaji kuuliza hilo. Mwandishi anahitaji.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu tunaohangaika na daftari na kalamu, tukilalamika eti Shinyanga haina hadithi, hadithi zote ziko Dar na Unguja. Riwaya ya Tinde haijaandikwa. Ina mtemi, ina mzungu anayekufa kwa ndege, ina msitu unaoanguka, ina kijana mwenye kikombe cha mbung'o mkononi, usiku wa kwanza, akimsubiri mgeni kwenye damu yake. Wazee waliokuwa watoto miaka ile ya 1940 wanazidi kupungua, na sisi tunapita Tinde kila wiki tukiangalia simu. Gari likisimama safari ijayo, shuka. Tafuta mzee, msalimie kwa adabu, mnunulie chai, muulize kuhusu nyumba ya mbung'o. Uwe na daftari.